Laini mbili za ISDN: jinsi ya kufanya ya pili ijipige na kujikata yenyewe bila bili kukuumiza

ISDN ni laini ya simu ya kidijitali inayopitisha sauti na data. Laini yake ya kawaida, ile inayoitwa BRI, inakuja na chaneli mbili za B, kila moja kilobiti 64 kwa sekunde, pamoja na chaneli moja ya D ya kilobiti 16 ambayo inabeba ishara za simu. Ukiziunganisha zile B mbili kwa maltilinki ya PPP, yaani kuzifunga pamoja zifanye kazi kama njia moja ya data, unapata 128, na watu wengi ndo wanaishia hapo, wanaweka piga zote mbili kwa pamoja wanaondoka zao, halafu bili ikija wanaanza kulaumiana.

Kabla hujagusa kitu angalia hesabu hii kwanza sababu ndo msingi wa kila kitu huko mbele. Kuanzia hapa nikisema laini ya kwanza au ya pili namaanisha chaneli moja ya B. Faili la MB 5 ni kama biti milioni 40, kwa laini moja linashuka kwa sekunde 625, yaani dakika 10 na sekunde 25. Kwa laini mbili linashuka kwa dakika 5 na sekunde 12 hivi ila unalipia simu mbili, kwahiyo jumla ya dakika unazolipia ni zile zile 10 na ushee. Umeona? Laini ya pili ikiwa imejaa kazi haikuongezei gharama, inakuokolea muda tu. Hela inaliwa pale faili limeisha, wewe umekaa unasoma emaili nusu saa nzima na laini zote mbili ziko hewani, hapo ile ya pili ni teksi uliyoiacha nje inakusubiri na mita inatembea. Kwahiyo kazi yote ya kusimamia kasi kwa otomatiki ni hiyo, laini ya pili iingie ikiwa na kazi na itoke ikiwa haina.

Najua ISDN inazidi kuondoka. Ujerumani ambako ilienea sana miaka ya 90, Deutsche Telekom wameshahamishia wateja wao kwenye IP, na Uingereza laini mpya haziuzwi tangu Septemba 2023 na mtandao wa zamani wa simu umepangiwa kuzimwa Januari 2027. Ila kuna watu bado wana laini za akiba kwenye matawi, kuna mitambo ya zamani imefungwa huko haijaguswa, na kuna wale wenye PBX (mtambo wa simu za ndani za ofisi) ya zamani yenye poti za S0 za ndani, za kuchomekea vifaa vya ISDN, wanaojitengenezea maabara nyumbani, hao wanapigiana simu za ISDN bure kabisa na wanajifunza vizuri tu. Nitatumia Windows 2000 na XP upande wa kupiga, Windows 2000 Server au 2003 upande wa kupokea, na ruta za Cisco za enzi hizo kama 801, 803 na 2600 yenye kadi ya WIC-1B-S/T, maana ndo vifaa utakavyovikuta.

Hatua ya 1: hakikisha upande wa pili unakubali

Maltilinki sio kitu cha upande mmoja. Kiwango chake kiko kwenye RFC 1990, hati ya viwango vya intaneti ya mwaka 1996, na ujanja wake ni kwamba laini ya kwanza kabisa inapoanza mazungumzo ya LCP, yale ya kupatana masharti ya laini, lazima pande zote mbili zitaje MRRU, yaani ukubwa wa paketi ambao fungu la laini linaweza kuiunganisha upya. Laini ya kwanza ikiingia bila MRRU basi umeshakosa, huwezi kuongeza ya pili juu yake katikati ya safari, itabidi ukate uanze upya. Hili linawasumbua wengi sababu laini ya kwanza inafanya kazi fresh kabisa, intaneti inapita, halafu ya pili inagoma na hakuna anayefikiria kwamba kosa limefanyika dakika 20 zilizopita.

Kitu cha pili ni BAP na mwenzake BACP, hizi ziko kwenye RFC 2125 ya mwaka 1997, na ndo zinazoruhusu mashine mbili kuombana laini kuongeza au kupunguza katikati ya mawasiliano. Windows NT 4.0 ilikuwa na maltilinki ila haina BAP, kuanzia Windows 2000 ndo ikaingia. Kwahiyo kama seva unayoipigia ni NT 4.0 usipoteze muda kutafuta BAP huko.

Mpigie anayesimamia upande wa kupokea umuulize: maltilinki imewashwa? BAP mnaikubali? Jina langu la mtumiaji linaruhusiwa simu ngapi kwa wakati mmoja? Hilo la tatu usilisahau. Kwenye RADIUS, seva inayokagua majina na nenosiri za wanaopiga, kuna kipengele kinaitwa Port-Limit, kikiwa 1 laini yako ya pili itapiga, itapokelewa, itathibitishwa nenosiri halafu itatupwa nje, na wewe utabaki unakagua nyaya. Kama wana mashine nyingi za kupokea nyuma ya namba moja, uliza pia kama wamezifunga pamoja kwa maltilinki ya mashine nyingi, sababu simu yako ya kwanza inaweza kuangukia mashine moja na ya pili ikaangukia nyingine, na hizo mbili zisipojuana haziwezi kuunda fungu moja.

Hatua ya 2: amua nani ni bosi

Upande mmoja tu ndo uwe unaamua kuongeza na kupunguza laini. Ukiweka kompyuta yako iongeze kwa viwango vyake na seva ipunguze kwa viwango vyake vingine ambavyo havijapatana, utapata vurugu, nitaonyesha hesabu yake hapo chini.

Kwa kawaida bosi awe yule anayelipa simu, basi. Anayepokea mwekee kazi ya kukubali au kukataa tu. BAP imejengwa kwa mtindo huo huo, upande mmoja unatuma ombi la kupiga laini nyingine, wa pili anajibu moja kati ya majibu manne: sawa, au sio sasa hivi jaribu baadae, au hilo ombi siliruhusu kabisa, au nimefika mwisho usiniombe tena mpaka jumla ya kasi ya fungu ibadilike. Hilo la mwisho ukiliona kwenye logi ujue kuna mtu kaweka kikomo cha poti, sio hitilafu. Pande zote mbili zikituma ombi kwa sekunde ile ile, BACP ilishachagua mapema nani apewe kipaumbele kwa kulinganisha namba za bahati nasibu, mwenye namba ndogo anashinda, kwahiyo hilo usiliwaze.

Kupunguza nako kuna ombi lake, anayetaka kukata anauliza kwanza na mwenzie anaweza kukataa. Ina mantiki, sababu wewe unaweza kuona trafiki ya kwako iko chini kumbe yeye ndo kwanza anajiandaa kukumwagia faili.

Hatua ya 3: piga hesabu ya viwango kabla ya kufungua menyu

Hapa ndo watu wengi wanakosea na ndo hapa pa kutulia.

Unahitaji namba nne: kiwango cha kupandia, muda wa kusubiri kabla ya kupanda, kiwango cha kushukia, na muda wa kusubiri kabla ya kushuka.

Tuseme kiwango cha kupandia ni asilimia 75. Kwa laini moja ya 64 hiyo ni kilobiti 48 kwa sekunde, trafiki ikikaa juu ya hapo kwa muda uliouweka laini ya pili inapigwa, sasa una 128. Kiwango cha kushukia uweke ngapi? Mtu anaona asilimia 50 inaeleweka, nusu ni nusu. Sasa fanya hesabu. Asilimia 50 ya 128 ni 64. Maana yake ukiwa unatumia kilobiti 60 mfululizo, mfumo unasema uko chini ya nusu, unakata laini ya pili, unabaki na moja ya 64, na zile 60 zako juu ya hiyo laini moja ni karibu asilimia 94, ambayo iko juu ya 75, kwahiyo dakika chache tu inapiga tena. Inapiga inakata inapiga inakata, na kila ikipiga kampuni ya simu inahesabu simu mpya. Kama wanatoza kwa dakika nzima au wana ada ya kuunganisha kila simu, hapo umekwisha.

Kanuni ya laini mbili ni nyepesi: kiwango cha kushukia kiwe chini ya nusu ya kiwango cha kupandia, na uache nafasi kidogo. Kupandia 75, nusu yake 37 na kitu, wewe weka 30. Asilimia 30 ya 128 ni 38.4, ukibaki na laini moja hizo ni asilimia 60, iko chini ya 75, hakuna kupiga tena. Safi. Wenye PRI, ile laini kubwa ya ISDN, ya chaneli 30 huko Ulaya na kwingine kunakotumika E1, au 23 za Marekani, nyie tatizo hili linapungua kadiri laini zinavyoongezeka, sababu kutoka laini 10 kwenda 9 mzigo wa kila laini unapanda kidogo tu, ila mkishuka mkafika mbili kwenda moja mnarudi kwenye hesabu ile ile.

Muda nao. Wale waliozoea modemu za analogi wanaweka muda mrefu sababu modemu inachukua karibu nusu dakika kulialia kabla ya kuunganika. ISDN inaunganika kwa sekunde moja au mbili, kwahiyo huna sababu ya kusubiri sana, ila usiende chini mno pia. Ukurasa wenye picha wa KB 200 unachukua sekunde 25 kwa laini moja, ukiweka kusubiri sekunde 20 basi laini ya pili itaingia ukurasa ukiwa unamalizika, itakaa inapigwa na upepo halafu itakatwa, na itafanya hivyo kila ukibofya. Weka dakika 1. Lile faili letu la MB 5 kwa kusubiri dakika 1 litashuka kwa dakika 5 na sekunde 42, ukisubiri dakika 2 ni dakika 6 na sekunde 12. Tofauti ni nusu dakika, wala haiumi.

Muda wa kushuka unategemea wanavyokutoza. Wakitoza kwa sekunde, weka mfupi tu, nusu dakika inatosha. Wakitoza kwa dakika nzima haina maana kukata sekunde ya 65 wakati dakika ya pili umeshailipia, weka dakika 1 au 2.

Hatua ya 4: kompyuta inayopiga, Windows 2000 au XP

Fungua muunganisho wako wa kupiga simu, nenda "Properties". Kwenye "General" utaona orodha ya vifaa, weka tiki kwenye chaneli zote mbili za ISDN, maana kila chaneli inaonekana kama kifaa chake. Ukiona imetokea moja tu basi draiva ya kadi haijakaa sawa, shughulika nayo kwanza. Kama namba ya kupiga ni moja kwa zote weka tiki kwenye "All devices call the same numbers", Ulaya mara nyingi ndo ilivyo. Marekani usishangae ukipewa namba mbili tofauti, kila chaneli na yake, hapo unaziandika kila moja sehemu yake. Bonyeza "Configure" ya kila kifaa uchague aina ya laini ya kidijitali ya 64K, labda kama uko sehemu ambayo njia za simu zinapitisha 56 tu.

Nenda "Options", chini kabisa kuna sehemu ya vifaa vingi. Machaguo ni matatu: piga cha kwanza kilicho wazi tu, piga vyote, na "Dial devices only as needed". Chagua hilo la tatu halafu bonyeza "Configure" ya pembeni yake. Linatokea dirisha lenye sehemu mbili, juu kupiga kwa otomatiki, chini kukata kwa otomatiki. Juu andika asilimia 75 na dakika 1, chini andika asilimia 30 na muda ule uliouhesabu wa kukata. OK.

Bado. Kwenye "Networking" bonyeza "Settings" ya PPP, kuna vitiki vitatu. Cha LCP kiache kimewashwa, na cha "Negotiate multi-link for single link connections" kiwashe, hicho ndo kinachofanya laini ya kwanza izungumze maltilinki hata ikiwa peke yake, nimeshaeleza Hatua ya 1 kwanini ni muhimu.

Rudi "Options" angalia pia muda wa kukata muunganisho wote ukiwa kimya, "Idle time before hanging up". Watu wanauchanganya na ule wa laini ya pili. Huu unakata kila kitu, ule unakata laini ya ziada tu. Weka dakika 10 au pungufu, usiache "never" labda kama hulipi kwa dakika.

Hatua ya 5: seva inayopokea

Fungua "Routing and Remote Access", bofya kulia jina la seva, "Properties", kichupo cha PPP. Weka tiki kwenye "Multilink connections" na chini yake "Dynamic bandwidth control using BAP or BACP". Ya pili haifanyi kitu bila ya kwanza.

Halafu nenda kwenye sera ya watumiaji, "Remote Access Policies", fungua sera yako, "Edit Profile", kichupo cha "Multilink". Hapa unaruhusu maltilinki na unaweka kikomo cha poti kwa kila mtu, andika 2. Chini yake kuna mipangilio ya BAP ya kupunguza laini moja kama matumizi yakishuka chini ya asilimia fulani kwa muda fulani. Ukikuta imekaa 50 ujue ndo ile hesabu ya Hatua ya 3 inakusubiri, mteja wako anapandia 75 na seva inashushia 50, watapigana usiku kucha. Ishushe iwe 25 au 30, yaani isizidi ile ya kompyuta inayopiga, ili bosi abaki kuwa mmoja. Kitiki cha kulazimisha BAP, "Require BAP for dynamic Multilink requests", kiwashe tu kama una uhakika wateja wote wanaijua BAP, la sivyo wenye vifaa vya zamani utakuwa umewafungia laini ya pili.

Kuna sehemu moja imejificha: kwenye "Ports", "Properties", chagua kifaa cha ISDN, "Configure", utaona sehemu ya kuandika namba ya simu ya kifaa hicho. Watu wanaipita tu. BAP inapokubali ombi la laini ya pili inaweza kumtumia mpigaji namba ya kupiga, na seva inaitoa hapo, ikiwa haina kitu na namba zako zinatofautiana, mpigaji hana pa kupiga.

Na kama unatumia mtindo wa seva kukata na kukupigia yeye ili gharama iwe ya ofisi, kuwa makini, Windows inahifadhi namba moja ya kukurudia, kwahiyo inarudisha kifaa kimoja tu. Kwa ISDN unaponea kama chaneli zako mbili zina namba moja. Zikiwa na namba mbili achana na kurudishiwa simu.

Hatua ya 6: ruta ya Cisco

Kwa wenye ruta, hii hapa ya upande wa kupiga, switchi ya kampuni ya simu ni ya Ulaya:

isdn switch-type basic-net3
interface BRI0
 encapsulation ppp
 dialer pool-member 1
 ppp authentication chap
 ppp multilink
interface Dialer1
 ip address negotiated
 encapsulation ppp
 load-interval 30
 dialer pool 1
 dialer remote-name makao
 dialer string 5551234
 dialer idle-timeout 120
 dialer load-threshold 190 either
 dialer-group 1
 ppp authentication chap callin
 ppp multilink

Jina na nenosiri la CHAP, yaani la kumthibitisha mpigaji, utaongeza yako. "ppp multilink" iwepo sehemu zote mbili, kwenye BRI na kwenye Dialer.

Mstari wa kuuangalia kwa makini ni wa "dialer load-threshold". Namba inaanzia 1 mpaka 255, sio asilimia, kwahiyo 128 ni nusu na 190 ni karibu asilimia 75. Ukiandika 1 laini zote zinapigwa hapo hapo, otomatiki imekufa. Halafu lile neno la mwisho, either, usiliache. Usipoandika kitu ruta inapima trafiki inayotoka tu, sasa mtu anayeshusha mafaili trafiki yake inaingia, inayotoka ni vijipaketi vya kukiri kupokea tu, ruta inaona mzigo mdogo na laini ya pili haiji hata ukishusha faili la siku nzima. Hili peke yake ni nusu ya malalamiko ya "maltilinki haifanyi kazi" kwenye Cisco.

"load-interval 30" nayo ina sababu. Kwa kawaida ruta inatoa wastani wa mzigo wa dakika 5, ukiiacha hivyo laini ya pili inaweza kuja faili lako likiwa limeshaisha. 30 ndo kiwango cha chini kabisa.

Utagundua hapa hakuna kiwango cha kushukia, amri hii ina namba moja tu. Kukata kunaenda na "dialer idle-timeout", kwahiyo huo muda ndo wa kuchezea. Ukitaka makubaliano ya pande mbili badilisha "ppp multilink" iwe "ppp multilink bap", upande unaopiga uongeze "ppp bap call request" na unaopokea "ppp bap call accept" pamoja na "ppp bap number default" ikifuatiwa na namba yake.

Walio kwenye Linux za zamani zenye isdn4linux, kuna programu ndogo inaitwa ibod inakaa nyuma inapima trafiki na kuongeza chaneli, na kwa mkono unaweza kujaribu na "isdnctrl addlink ippp0". Isdn4linux imeshaondolewa kwenye kerneli mpya kwahiyo tafuta ya zamani.

Hatua ya 7: nyamazisha paketi za kelele

Unaweza kupatia viwango vyote na bili ikawa kubwa bado, sababu laini haipati hata nafasi ya kukaa kimya. Mfano RIP, ambayo ruta hutumia kuambiana njia, inatuma taarifa kila sekunde 30, wewe idle-timeout yako ni 120, basi kila sekunde 30 saa inarudi mwanzo, ofisi imefungwa Ijumaa jioni na laini iko hewani mpaka Jumatatu asubuhi. Windows nazo zinatangaza majina yao ovyo ovyo, na saa za kompyuta zinaulizia muda. Kwenye Cisco unazitoa kwenye hesabu hivi:

access-list 101 deny udp any any range 137 138
access-list 101 deny tcp any any eq 139
access-list 101 deny udp any any eq 520
access-list 101 deny udp any any eq 123
access-list 101 permit ip any any
dialer-list 1 protocol ip list 101

Orodha hii ikitumika kwenye dialer-list haizuii paketi kupita. Laini ikiwa juu zinapita kama kawaida, ila haziwezi kusababisha simu ipigwe wala kurudisha saa ya kukata mwanzo. Kwahiyo usiogope kuongeza.

Hatua ya 8: jaribu ukiwa unaangalia

Kata kila kitu. Anza na laini moja, fungua kitu chepesi, subiri. Isipigwe ya pili. Halafu shusha faili kubwa, la MB 5 kwenda juu, na utazame.

Windows: bofya kulia muunganisho, "Status", "Details". Mstari wa "PPP multilink framing" usome On hata laini ikiwa moja. Ukisoma Off hapo hapo simama, rudi Hatua ya 4, hakuna haja ya kusubiri laini ya pili.

Cisco: andika "show dialer". Chaneli ya kwanza itakuonyesha sababu ya kupiga, yaani paketi gani imetoka wapi kwenda wapi, na ya pili ikiingia inatakiwa isome "Dial reason: Multilink bundle overloaded". Ukiuona huo mstari otomatiki yako inafanya kazi. "show ppp multilink" itakupa wanachama wa fungu, na kama vipande vilivyopotea vinaongezeka haraka basi laini moja ni mbovu.

Laini ya pili ikigoma, washa "debug isdn q931" usome sababu ya kukatwa. Namba 17 ni upande wa pili yuko bize, yaani poti zao zimejaa au namba yao ina chaneli moja tu. 34 ni hakuna chaneli ya wazi njiani au kwako mwenyewe, angalia kama kuna mtu anaongea na simu. 16 ni kukatwa kwa kawaida, na hii ndo ya kuitilia shaka zaidi, sababu simu imekubaliwa halafu mtu kaikata kwa hiari, mara nyingi ni ile Port-Limit ya kwenye RADIUS au jina na nenosiri la laini ya pili haviendani na la kwanza, kumbuka fungu linatambuliwa kwa jina la mtumiaji pamoja na utambulisho wa mashine unaotumwa kwenye LCP.

Ikiingia na kutoka kila baada ya dakika chache, usihangaike na nyaya wala draiva, rudi kwenye viwango.

La mwisho ni kwa wale ambao laini hiyo hiyo ndo ya simu ya ofisi. Chaneli zote mbili zikiwa kwenye data anayekupigia anakuta bize. Baadhi ya vifaa vinajua kuachia chaneli moja simu ya sauti ikiingia, sababu taarifa ya simu inakuja kwenye chaneli ya D ambayo haijabanwa, angalia kwenye menyu ya kifaa chako kama ipo uiwashe na umwombe mtu akupigie huku faili linashuka. Kama haipo, basi saa za kazi weka kikomo cha laini moja, mafaili makubwa uyapange yashuke usiku.